Kwa nini Bibi anaganda kwenye simu?

Somo la kundi la wakubwa (miaka 10 hadi 14). Lisomwe nyumbani pamoja na mzazi.

Jumamosi iliyopita tulifanya zoezi la kuwapigia simu babu na bibi. Katikati ya zoezi mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwa nini Bibi anaganda?" Darasa zima likacheka, kwa sababu kila mmoja wetu anamjua bibi huyo: mdomo wazi, mkono hewani, sauti hakuna. Halafu ghafla anarudi, na habari yote ameshaimaliza.

Niliahidi kulijibu swali hilo hapa kwenye jarida letu. Mimi si fundi wa mitambo, ni muuguzi. Lakini nilikuwa na sababu yangu ya kulitafutia jibu, na nitaanza nayo.

Majira ya baridi yaliyopita mama yangu alipata kidonda mguuni. Mama ana kisukari. Dada yangu, anayeishi naye Tanga, alinipigia kwa video asubuhi nikiwa navaa viatu niende kazini. Akasogeza simu karibu na kidonda nikakiona. Akaniambia kuwa jirani ameshauri mguu ulowekwe kwenye maji ya moto yenye chumvi. Mimi nilikuwa nimeshachelewa treni. Nikafungua mlango, nikaanza kushuka ngazi huku nasema, "Dada, usiuloweke kwenye maji ya moto." Picha ikaganda. Nilipofika nje picha ikarudi, dada akasema, "Sawa mdogo wangu, nimekusikia." Tukaagana.

Nilipofika kituoni Bredäng roho haikutulia. Kazini kwetu mtu akipewa agizo la dawa kwa simu, anatakiwa kulirudia kwa maneno yake kabla ya kukata. Dada hakurudia. Nikampigia tena nikiwa nimesimama, nikamuuliza, "Nimesema nini kuhusu maji?" Akajibu, "Umesema uloweke kwenye maji ya moto. Sufuria iko jikoni."

Mtu mwenye kisukari anaweza kupoteza hisia za miguu. Maji yanaweza kumuunguza naye asisikie lolote, na jeraha dogo likawa kubwa. Siku ile sufuria iliteremshwa kwa wakati, na mama alipelekwa kliniki. Lakini nilibaki na swali: silabi mbili zilizopotea kwenye ngazi za jengo letu zilikwenda wapi?

Maneno ya leo

Yasome kwa sauti, kisha yatafute ndani ya somo.

- mnara (minara): mlingoti wenye antena unaozungumza na simu zetu
- kifurushi (vifurushi): mzigo mdogo uliofungwa, hapa ni kipande cha ujumbe
- anwani: maelezo ya mahali mtu au kifaa kilipo
- mkongo: waya mkubwa wa mawasiliano, mara nyingi chini ya bahari
- laini: kadi ndogo inayokupa namba ya simu
- bando: data uliyonunua kwa muda fulani
- handaki: njia iliyochimbwa chini ya ardhi

1. Sauti hukatwa vipande

Unaposema neno kwenye simu ya intaneti, sauti yako haisafiri kama uzi mmoja mrefu. Simu huikata vipande vidogo sana. Kila kipande hufungwa kama kifurushi cha posta, na juu yake huandikwa anwani mbili: kinakotoka na kinakokwenda. Kwa kawaida kifurushi kimoja hakizidi baiti 1,500. Sekunde moja ya maongezi ya video ina vifurushi vingi, na kila kimoja husafiri peke yake.

Njiani kuna mitambo mingi inayopokea kifurushi, kusoma anwani na kukisukuma mbele. Hakuna mtambo mmoja unaoijua njia nzima kutoka Bredäng hadi Tanga. Kila mmoja anajua hatua inayofuata tu, kama makondakta wa mabasi: wa kwanza anakushusha stendi, pale unaonyeshwa basi la pili.

Kifurushi kikipotea je? Inategemea ni cha nini. Ukituma picha au barua, mpokeaji hutoa taarifa: "Nimepata cha kwanza, cha pili, cha nne." Mtumaji akiona cha tatu hakikutajwa, anakituma tena. Ndiyo maana picha huweza kuchelewa lakini ikifika inakuwa nzima.

Sauti ya maongezi haiwezi kungoja hivyo. Silabi iliyochelewa sekunde mbili haina kazi tena, kwa sababu wewe umeshafika sentensi nyingine. Kwa hiyo programu za simu huangalia kilichofika, huziba pengo kwa kukisia, na huendelea. Kipande kilichopotea kwa kawaida huachwa kilikopotelea. Hilo ndilo lililoipata "usi" yangu. Mtandao haukuirudisha. Kuirudia ilikuwa kazi yetu sisi binadamu.

2. Mtandao unajuaje ulipo?

Nyumba haihami. Ukijua anwani ya nyumba leo, kesho utaikuta palepale. Simu iko mfukoni, na mfuko unatembea. Sasa Bibi akipiga, mtandao unajuaje uko Bredäng, na si Skärholmen au Uppsala?

Fikirieni hospitali. Mgonjwa aliyelala wodini anajulikana yuko kitanda gani. Aliyekaa kwenye chumba cha kusubiri hajulikani yuko kiti gani. Muuguzi anajua tu kwamba yumo ndani ya chumba kile. Zamu yake ikifika, muuguzi anasimama mlangoni na kuita jina kwa sauti. Wote wanasikia, mmoja ndiye anayeinuka.

Simu nayo ina hali mbili hizo. Unapozungumza au kuangalia video, mtandao unajua hasa uko chini ya mnara upi. Simu ikiwa imetulia mfukoni, mtandao unajua eneo tu, yaani kundi la minara kadhaa. Bibi anapopiga, minara yote ya eneo hilo huita kwa pamoja: "Simu fulani, uko wapi?" Simu yako inasikia na kujibu kupitia mnara ulio karibu.

Kwa nini mtandao usifuatilie kila hatua yako? Kwa sababu simu ingelazimika kujitangaza kila mara inapobadilisha mnara, na betri ingekwisha mapema. Badala yake simu hutoa taarifa inapovuka mpaka wa eneo, na mara mojamoja hata ikiwa haijahama, ili ijulikane bado ipo.

Jambo hili lina historia karibu na kwetu. Mwaka 1981 nchi za Nordic zilianzisha mtandao wa simu za mkononi uitwao NMT. Uliweza kumtafuta mteja wenyewe hata akivuka mpaka, kwa mfano kutoka Uswidi kwenda Norwei, bila mpigaji kujua yuko nchi gani. Na mkipanda treni namba 13 kutoka Bredäng, mkabadilisha Liljeholmen kwa namba 14, kituo cha pili kinaitwa Telefonplan. Jina hilo limetokana na simu: kampuni ya Ericsson ilijenga kiwanda chake pale mwishoni mwa miaka ya 1930. Desemba 2009 Stockholm na Oslo ikawa miji ya kwanza duniani kufunguliwa mtandao wa 4G wa biashara.

3. Kutoka Bredäng kwenda Mälarhöjden

Kituo chetu kiko juu, treni inaonekana kutoka mbali. Kituo kinachofuata kuelekea mjini, Mälarhöjden, kimechimbwa ndani ya mwamba. Kwa dakika mbili hivi unatoka kwenye anga wazi na kuingia handakini, ambako mnara wa nje hausikiki tena na simu inategemea antena zilizowekwa chini. Mara nyingi maongezi yanaendelea bila wewe kutambua lolote. Hili ndilo jambo lililonishangaza zaidi nilipoanza kusoma.

Hivi ndivyo inavyofanyika katika 4G:

Kwanza, simu yako wakati wote inasikiliza minara ya jirani na kupima nguvu ya kila mmoja. Mnara wa jirani ukianza kusikika vizuri kuliko wako, simu inatoa taarifa.

Pili, mnara wa zamani unauliza mnara mpya: "Una nafasi ya mteja huyu?" Mnara mpya unaandaa nafasi kabla hujafika.

Tatu, mnara wa zamani unaiambia simu, "Nenda." Vifurushi vinavyoendelea kuwasili kwa mnara wa zamani havitupwi. Vinasukumwa kwenda kwa mnara mpya vikakusubiri huko.

Nne, simu ikishafika, mnara mpya unaujulisha mtambo mkuu: "Huyu sasa yuko kwangu, nileteeni mimi." Mtambo mkuu unageuza njia. Kupitia njia ya zamani unatuma alama moja ya mwisho, kama kusema "hakuna kingine nyuma yangu", ili mnara mpya usichanganye mpangilio wa vifurushi vya zamani na vipya.

Kwa kawaida mkatiko wenyewe ni mfupi kuliko sehemu ya kumi ya sekunde. Sikio halitambui.

Wauguzi wataona hapa kitu wanachokijua. Mgonjwa anapohamishwa wodi, hatumsukumi tu kwenye kitanda cha magurudumu. Tunapiga simu kuuliza kama kuna kitanda. Tunatoa ripoti. Majibu ya maabara yakija wodi ya zamani tunayapeleka wodi mpya. Mwisho tunabadilisha jina la wodi kwenye kompyuta. Hatua moja ikirukwa, mgonjwa yupo lakini dawa zake haziko naye.

Na hatua hizo hurukwa wakati gani kwa simu? Treni inapokwenda kasi na mnara wa zamani ukapotea ghafla, kabla simu haijapokea neno "nenda". Au mnara mpya ukiwa umejaa: watu ni wengi kituoni, kila mmoja anaangalia video, na nafasi ya hewani ni moja wanayogawana. Katika 4G mnara hugawa nafasi hiyo upya kila milisekunde, yaani mara elfu moja kwa sekunde, lakini ugali mmoja kwa wageni mia bado ni ugali mmoja.

4. Mlangoni: kutoka waifai kwenda mnara

Sasa turudi kwenye ngazi za jengo letu. Mimi sikuwa nimepanda treni. Kwa nini nilikatika?

Treni inapokupeleka kutoka mnara hadi mnara wa kampuni moja, anwani yako ya intaneti kwa kawaida haibadiliki. Mtambo mkuu ndio unaoishikilia. Kifurushi kinafika kwenye mtambo huo, kinafungwa ndani ya bahasha nyingine yenye anwani ya mnara uliopo, kisha kinapelekwa. Ukihama mnara, bahasha ya nje tu ndiyo inayobadilishwa. Dada yangu kule Tanga haambiwi chochote.

Lakini waifai ya nyumbani na mnara wa nje ni mitandao miwili, na kila mmoja hukupa anwani yake. Ukivuka mlango, waifai inadhoofika polepole. Simu inaing'ang'ania mpaka mwisho, kisha inaiacha na kushika mnara. Hapo anwani yako imebadilika kabisa, na vifurushi vilivyokwisha kutumwa vinagonga mlango wa nyumba uliyotoka. Wakati huohuo maneno yako mwenyewe yanakwama ndani ya simu isiyo na njia ya kuyatoa. Programu ya simu lazima itambue kuwa umehama, imwambie mwenzako anwani mpya, na iunganishe upya. Hizo ni sekunde chache. Kwangu zilitosha kumeza "usi".

Wazazi mtakumbuka barua za zamani. Wengi wetu hatukuwa na sanduku letu la posta. Barua iliandikwa jina lako, kisha "kupitia kwa" shule au ofisi fulani, S.L.P. na namba. Ukihama, mtu mwema pale shuleni aliandika anwani mpya juu ya bahasha na kuirudisha posta. Hapa Uswidi tunalipia huduma kama hiyo tunapohama nyumba, eftersändning. Mwaka 1996 wahandisi wa intaneti walitoa kanuni iliyofuata wazo hilohilo kwa kompyuta zinazotembea: kila moja ina anwani ya nyumbani isiyobadilika na anwani ya muda ya mahali ilipo. Nyumbani anabaki wakala anayepokea barua na kuzituma mbele.

Njia mpya zaidi inafanana na kazi yetu hospitalini. Hatumtambui mgonjwa kwa namba ya kitanda, kwa sababu kitanda hubadilika. Tunamtambua kwa namba iliyo kwenye mkanda wa mkononi. Vivyo hivyo, kanuni iitwayo QUIC, iliyopitishwa rasmi mwaka 2021, huyapa maongezi yenyewe namba ya utambulisho. Simu ikitoka waifai na kuingia 4G, inaweza kutuma kifurushi kutoka anwani mpya chenye namba ambayo seva tayari inaijua, nayo inatambua: "Ni yuleyule, kahama kitanda tu." Haihitaji kuanza salamu upya. Si programu zote zinazotumia njia hiyo, ndiyo maana baadhi hukatika mlangoni na nyingine hupita.

5. Njia ndefu na njia fupi

Kuna jambo jingine linalomgandisha Bibi, nalo ni urefu wa njia.

Tuseme umekwenda likizo Tanga na laini yako ya Uswidi. Umekaa barazani, unataka kusoma tovuti iliyowekwa kwenye seva ya Dar es Salaam. Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350 kwa barabara. Lakini kwa kawaida data ya laini ya kigeni hurudishwa kwanza kwa kampuni yake nyumbani. Ombi lako linatoka Tanga, linakwenda Uswidi, linageuka na kurudi Dar. Jibu nalo linapita Uswidi kabla ya kukufikia barazani.

Tupige hesabu. Mwanga ndani ya mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Tanga hadi Stockholm ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na mikongo haijanyooka.

- Njia fupi, Tanga hadi Dar: 350 ÷ 200,000 = chini ya milisekunde 2
- Njia ndefu, Tanga hadi Stockholm hadi Dar: 14,000 ÷ 200,000 = milisekunde 70, na jibu milisekunde 70 nyingine

Hapo hatujahesabu foleni za njiani. Na bei pia ni tofauti. Tangu 15 Juni 2017 laini ya Uswidi hutumika katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa masharti ya nyumbani, lakini Tanzania na Kenya hazimo humo. Ukinunua laini ya pale, vifurushi vyako havilazimiki tena kupitia Uswidi.

Msidhani kupita mbali ni shida ya wageni tu. Hadi mwaka 2000, ujumbe wa intaneti kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya pili mtaa uleule, kama zilikuwa na kampuni mbili tofauti, ulipanda kwa setilaiti hadi Ulaya au Marekani na kushuka tena kwa setilaiti. Setilaiti hizo ziko kama kilomita 36,000 juu. Kupanda na kushuka mara moja huchukua karibu robo ya sekunde. Mara mbili, karibu nusu sekunde, ili kumfikia jirani. Na kampuni zililipa kwa fedha za kigeni safari zote hizo.

Kampuni za intaneti za Kenya zikaungana, zikafungua kituo cha kubadilishana data Nairobi mnamo Novemba 2000, kiitwacho KIXP. Kila kampuni ilileta waya wake chumba kimoja, ujumbe wa jirani ukapokelewa palepale. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya njia za nje, ililalamika, na mamlaka ya mawasiliano ikakifunga kituo baada ya muda mfupi. Wenye kampuni hawakukata tamaa. Walijieleza kwamba hawaendeshi njia ya kwenda nje, wanakutana tu. Kituo kikafunguliwa tena mwaka 2002. Dar es Salaam nayo ina kituo chake, TIX, na Kampala ina UIXP.

Kisha ikaja mikongo ya baharini. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukiwa na vituo Dar es Salaam na Mombasa. Wazazi waliokuwa wakipanga foleni kwenye vibanda vya intaneti kabla ya hapo wanaukumbuka mwaka huo. Lakini mkongo unaweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Baadhi yetu tulishinda siku ile tukijiuliza kwa nini nyumbani hawajibu. Hawakuwa wamekasirika, njia ilikuwa imekatika chini ya bahari.

6. Sarufi: -si- ndogo yenye kazi kubwa

Tazameni maneno haya mawili:

- u-si-u-lowek-e: u (wewe) + si (kukanusha) + u (mguu) + lowek (mzizi) + e
- u-lowek-e: u (mguu) + lowek (mzizi) + e

Ondoa "usi" mwanzoni, na katazo linakuwa amri. Neno linalobaki ni Kiswahili safi, halina kasoro yoyote ya kumfanya msikilizaji ashtuke. Kiswidi huweka "inte" baada ya kitenzi. Kiswahili huweka "si" mbele, ndani ya neno lenyewe. Kwa hiyo mwanzo wa kitenzi cha Kiswahili ndio wa kuchungwa. Kwenye simu mbaya ni salama zaidi kusema kwa namna mbili: "Usiuloweke. Maji ya moto hapana. Uache mkavu."

Sasa tunyambue kitenzi hama:

- Simu inahama.
- Simu imehamia mnara wa Mälarhöjden.
- Mnara umeihamisha simu.
- Simu imehamishwa.
- Vifurushi vimehamishiwa mnara mpya.

7. Maswali

1. Kwa nini picha huchelewa lakini hufika nzima, na sauti hufika mapema lakini ikiwa na mapengo?
2. Simu iliyotulia mfukoni inafananishwa na mgonjwa gani? Eleza kwa sentensi mbili.
3. Mnara wa zamani hufanya nini na vifurushi vinavyowasili baada ya simu kuondoka?
4. Kwa nini maongezi hukatika mlangoni mwa nyumba kuliko kati ya vituo viwili vya treni?
5. Kanusha: *upike, umpe dawa, uifungue, uyanywe.* Kisha funika "usi" kwa kidole na usome kilichobaki. Ni neno lipi lingeleta hatari?
6. Tunga sentensi tatu kuhusu familia yako ukitumia *hama, hamia, hamishwa.*

Kazi ya nyumbani

Jumamosi au Jumapili, mpigie simu ndugu mmoja Afrika Mashariki. Mpe agizo moja fupi la kweli lenye "usi" ndani yake, kisha mwombe alirudie kwa maneno yake. Andika: alisikia nini? Ulikuwa kwenye waifai au 4G? Umesimama au unatembea? Tutalinganisha majibu darasani.

Kwa wazazi

Habari muhimu, za ugonjwa, fedha au safari, zizungumzeni mkiwa mmekaa mahali pamoja. Msivuke mlango katikati ya sentensi. Ikibidi kutoka, zimeni waifai kabla ya kupiga, ili simu ianze na mnara na kubaki na minara.

Picha ikianza kuganda, zimeni kamera mbakize sauti. Sauti inahitaji data kidogo sana kuliko video, na upande wa pili kuna mtu anayelipia bando. Kwenye WhatsApp kuna mahali pa kuchagua kutumia data kidogo wakati wa simu. Msaidieni Bibi kupachagua kwenye simu yake mkienda likizo.

Agizo la dawa au la kidonda liandikeni pia kwa ujumbe. Maandishi yakipotea njiani hutumwa tena. Na mwisho wa simu mwulizeni aliyewasikiliza, "Nimesema nini?" Wengine wataona ni kama kuwapima akili. Dada yangu alinuna kidogo mara ya kwanza. Siku hizi yeye ndiye anayeniuliza mimi.

Kidonda cha mama kilifunga baada ya miezi miwili. Leteni madaftari Jumamosi, na swali la tano lijibiwe kwa maandishi.

Mwalimu wenu wa kundi la wakubwa